Sanduku la Mama Ustawi: Amri ya mahakama ninayo, hela sina

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: mahakama imesema alipe, halipi, sasa nani atamlazimisha? Nimechagua nne. Majina na sehemu za kazi nimeviondoa. Na ninyi mlioniandikia mkitaka namba ya mtu wa "kumtishatisha kidogo" baba watoto: sina, na ningekuwa nayo nisingewapa.

Shikamoo Mama Ustawi. Naishi Mbagala, nauza madera na vitenge kwa kutembeza. Nilikaa na mzazi mwenzangu miaka sita bila ndoa, tuna watoto wawili, mmoja darasa la pili, mwingine chekechea. Tulipoachana nilikwenda ustawi, tukakalishwa vikao, kila kikao anaahidi, hatimizi, mwisho tukafika mahakamani. Mwezi wa tatu mwaka jana hakimu aliamuru atoe shilingi 150,000 kila mwezi, na ada na matibabu juu yake. Alitoa miezi mitatu. Wa nne akatuma 40,000. Baada ya hapo kimya. Ana kazi, ni dereva wa malori kwenye kampuni, mshahara unaingia benki. Nimerudi ustawi nikaambiwa shauri limeshatoka mikononi mwao. Nimekwenda mahakamani, karani akaniambia faili limefungwa. Ndugu zake wanasema nikimfuatafuata nitamfukuzisha kazi tukose wote. Karatasi yenye mhuri ninayo, Mama, lakini dukani hawapokei mhuri.
*Mama wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo karani. Kilichokwisha ni usikilizwaji wa shauri. Amri yenyewe ya matunzo inaishi mpaka mtoto afikishe miaka 18, na akiwa bado anasoma mahakama inaweza kuiendeleza mbele ya hapo. Kwa hiyo rudi dirishani, na safari hii useme kwa maneno haya haya: "Nataka kufungua maombi ya kukazia amri ya matunzo." Ukisema "baba watoto halipi" utaonyeshwa benchi, utasubiri, utahurumiwa, utarudi nyumbani. Ukisema "kukazia", yaani kuilazimisha amri itekelezwe, utapewa utaratibu. Nimekaa kwenye korido hizo muda mrefu wa kutosha kujua tofauti ya mtu anayelalamika na mtu anayefungua maombi, hata kama shida yao ni ile ile.

Sasa nikuambie jambo ambalo siku ya hukumu watu hawaambiwi. Tanzania hatuna ofisi ya serikali inayofungua milango asubuhi kwa kazi moja tu ya kuangalia nani hajalipa matunzo mwezi huu. Sisi wa ustawi wa jamii tunapatanisha, tunachunguza hali ya mtoto, tunaiandikia mahakama taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi linashughulika na jinai. Hakimu akishatoa amri anavuta faili linalofuata, na mafaili hayaishi. Hakuna daftari la taifa la wadaiwa wa matunzo. Baba akiacha kulipa, hakuna kinacholia popote isipokuwa wewe. Maana yake, wewe ndiye ofisi.

Basi fanya kazi ya ofisi. Nunua kaunta buku. Chora safu: mwezi, alichotakiwa kutoa, alichotoa, kwa njia gani, kilichobaki. Miezi mitatu ya mwanzo andika amelipa kamili, usimdhulumu hata shilingi, hakimu akikukuta umemdhulumu mwezi mmoja ataitilia shaka na ile mingine. Mwezi wa nne tangu amri ametoa 40,000, anadaiwa 110,000. Kuanzia wa tano ni 150,000 kila mwezi. Ada na matibabu viwe na ukurasa wake, risiti umezibana hapo hapo. Kisha nenda kwa wakala wa mtandao wako wa simu akuelekeze namna ya kupata taarifa ya miamala iliyochapwa, au benki kama alikuwa anatuma huko. Picha ya ujumbe kwenye simu iliyopasuka kioo inasaidia, lakini karatasi ya miamala inanyamazisha ubishi. Chukua na nakala ya amri yenyewe yenye mhuri wa mahakama. Kama ya kwako imeloa au imechanika, omba nyingine masijala.

Wewe una bahati moja ambayo wenzako waliozaa na mafundi na wamachinga hawana: mtu wako ana mwajiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama uwezo wa kuagiza kipato au mali ya anayetakiwa kulipa ikamatwe kwa ajili ya matunzo. Hicho ndicho cha kuomba. Andika kwenye maombi kwamba unaomba mwajiri aagizwe kukata hizo 150,000 kabla mshahara haujamfikia, pamoja na kiasi fulani cha deni la nyuma kila mwezi, na azipeleke moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kama huna akaunti fungua sasa, kabla ya tarehe ya shauri.

Na hapa watu wengi hukwama kwa jambo dogo sana: jina la mwajiri. Usiandike jina lililochorwa ubavuni mwa lori. Mara nyingi hilo ni jina la biashara tu, na kampuni inayolipa mishahara inaitwa kitu kingine kabisa. Jina linalotakiwa ni lile lililo kwenye slipu ya mshahara au mkataba wa ajira, pamoja na sanduku la posta na mahali ofisi ilipo. Huna slipu? Iombe mahakama imwamuru ailete. Amri ikienda kwa jina lisilokuwepo itarudi kama ilivyokwenda, na miezi miwili imepotea.

Kuhusu vitisho vya mashemeji. Mhasibu wa kampuni ile kila mwezi anakata kodi, anakata mchango wa hifadhi ya jamii, pengine anakata SACCOS na bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kukata matunzo ni mstari mmoja zaidi. Hakuna mwenye malori anayeachana na dereva anayejua njia ya Tunduma kwa sababu ya mstari mmoja. Wanaokuambia hivyo wanajua kwamba mshahara ukikatwa juu kwa juu hakuna tena nafasi ya kusema "mwezi huu nimebanwa". Ila likumbuke hili: amri ya kukata mshahara imeandikiwa mwajiri huyo. Akihama kampuni, haimfuati yenyewe. Ukisikia amehama, rudi mahakamani na jina jipya.

Ungeniuliza ni lini hasa mambo haya hutakiwa kuombwa, ningekujibu: siku ile ile ya kwanza, hakimu akiwa bado na kalamu mkononi. Nawaambia wote mnaosoma ambao mashauri yenu bado yanasikilizwa. Kila mtu anapigania kiasi. Laki moja au laki mbili, hapo ndipo machozi na viapo vinapoishia. Mimi kama ningekuwa na mamlaka, ningemwambia kila mama apunguze nusu ya nguvu kwenye kiasi aiweke kwenye njia ya kulipwa. Laki moja inayokatwa kwa mwajiri ni kubwa kuliko laki mbili zinazotegemea moyo wa mtu.

Wewe hukuuliza, lakini najua kuna wa kukushauri umwombe hakimu amfunge. Njia hiyo ipo. Katika utaratibu wa madai mdaiwa mkaidi anaweza kupelekwa gerezani kama mfungwa wa madai, ila anayeomba hilo ndiye anayeweka mahakamani fedha za kumlisha huko ndani. Ndiyo, umesoma sawa: utauza madera ulishe watoto wawili na baba yao. Deni halifutiki kwa yeye kukaa ndani, lakini mshahara nao unasimama. Pia ipo jinai: sheria hiyo hiyo ya 2009 inasema mzazi anayekiuka wajibu wake kwa mtoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hicho nakipenda kwa mtu wa aina moja tu, yule mwenye maduka aliyeandikisha kila kitu kwa jina la kaka yake na hana mshahara wa kukatwa. Huyo akisikia neno "jinai" hukumbuka ghafla kwamba ana akiba mahali. Kwa dereva mwenye mwajiri ni silaha isiyo yake.

Atakuja na kilio cha pili, huo naujua kwa moyo: ameoa, ana mtoto mwingine, mafuta yamepanda, safari zimepungua. Anaweza kuwa anasema kweli. Sheria inamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na zako, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha za pale watoto wanapoishi. Kwa hiyo ana haki ya kuomba kiasi kipunguzwe. Asichokuwa nacho ni haki ya kujipunguzia mwenyewe kwenye simu yake usiku. Mlango huo uko wazi kwako pia: mtoto akiingia darasa la juu na mahitaji yakipanda, unaomba kiongezwe.

Na msinidhanie nasifia sheria kwa sababu niliitumikia. Nilianza kazi wakati mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa anaamuliwa kwa sheria ya zamani iliyoweka matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia. Sheria hiyo ilibaki vitabuni mpaka ilipofutwa na hii ya 2009, tayari mia moja ikiwa haitoshi nauli ya daladala ya kwenda kuichukua. Tulikuwa tunaandika taarifa ndefu za uchunguzi, tunatembelea nyumba, tunahoji majirani, kwa ajili ya mia. Nikimwona leo mtu ana amri ya 150,000 naona tumetembea. Lakini kwenye kukusanya bado tumekaa. Mtakumbuka Aprili 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowaita kina mama waliotelekezewa watoto waende ofisini kwake. Walifurika na vichanga mgongoni. Watu walibishana kuhusu Makonda, kama kawaida yetu, wakaiacha foleni. Mimi niliitazama foleni. Wengi wa wale hawakuwa wamekosa sheria, wala wengine hawakuwa wamekosa amri. Walikosa mahali pa kwenda Jumatatu inayofuata, kampeni ikishapita.

Anza na mahakama iliyotoa amri yako. Kama ilitolewa Dar es Salaam kuhusu mambo ya familia, uliza pia Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachosikiliza mashauri ya ndoa, mirathi na familia, mahakama za ngazi tofauti zikiwa jengo moja. Kwa mtu wa Mbagala si mbali. Wakili si lazima. Ukikwama kuandika maombi na kiapo, nenda WLAC au TAWLA, mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, au kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kwenye halmashauri yako, hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatakiwi kukutoza.

La mwisho kwako. Usimkatalie kuwaona watoto ili umkomoe. Kwanza wao hawadaiwi. Pili, ndicho kitu cha kwanza atakachomwambia hakimu.

Habari za huko nyumbani Mama Ustawi. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Brampton, Ontario, Kanada. Huwa nawasoma kila mwezi. Kwenu naona kina mama wanalia hawalipwi, mimi nalia kinyume. Tulitalikiana, mahakama ikaamuru nitoe dola 1,100 kwa mwezi kwa watoto wawili na kiasi kingine kwa mama yao mwenyewe. Hapa kuna ofisi inaitwa FRO, inakata mshahara kabla sijauona. Nilikuwa naendesha lori, kampuni ikapunguza safari, kipato kimeshuka sana, lakini kwao deni linakwenda vile vile. Kuna miezi nilimpa mama watoto taslimu mkononi, wao wanasema haipo. Sasa nimeletewa barua kwamba leseni yangu ya udereva itafungiwa. Dereva bila leseni atalipa na nini? Nafikiria kufunga virago nirudi Bongo, yaishe.
*Mtu wa Tanga, ughaibuni*

Habari ni njema, baba, na pole. Sijawahi kufanya kazi Kanada, lakini sheria yao ya 1996 ya hiyo FRO niliisoma miaka ile tulipokuwa tunabishana ofisini kama na sisi tunaweza kuwa na kitu cha namna hiyo, kwa hiyo barua yako imenigusa mahali. Kwa wasomaji wa nyumbani: FRO, yaani Family Responsibility Office, ni ofisi ya serikali ya jimbo la Ontario. Amri ya matunzo ya mtoto au ya mwenza ikitolewa na mahakama ya jimbo hilo, inasajiliwa huko yenyewe, mama haendi kuomba. Ofisi inamwandikia mwajiri, mwajiri anakata, hela inapita ofisini inakwenda kwa mama. Wanaweza kuchukua hadi nusu ya mshahara baada ya makato. Mtu akiwa na deni, wanaripoti kwa mashirika ya taarifa za mikopo, wanashika marejesho ya kodi, wanawekea nyumba zuio, leseni ya udereva inafungiwa, pasipoti ya Kanada inaweza kuzuiwa kwa njia ya serikali kuu, na mwisho wa yote mahakama inaweza kumweka ndani hadi siku 180. Mama wa Mbagala akisoma hapa atadhani nasimulia peponi.

Ila wewe uko upande wa pili wa hiyo mashine, na mashine haisikii. Ndiyo ubaya wake, nakubaliana nawe. Mahali unapokosea ni pale unapopigia FRO simu kuwaeleza kwamba safari zimepungua. Hata wakikuonea huruma hawana la kufanya, kwa sababu ofisi ile haina uwezo wa kubadili kiasi. Inakusanya kilichoandikwa. Anayebadili ni mahakama. Kule kiasi cha mtoto kinasomwa kwenye majedwali ya serikali kuu yaliyoanza 1997, yanayofuata kipato cha mlipaji, idadi ya watoto na jimbo. Kipato chako kikishuka kweli, jedwali litakupa namba nyingine, lakini lazima ufungue ombi la kubadili amri ndipo mtu alifungue hilo jedwali. Kila mwezi unaokaa bila kufungua ombi, deni linaongezeka kwa kiwango cha zamani. Sehemu ya mama mwenyewe haina jedwali la namna hiyo, itajadiliwa peke yake, peleka ushahidi wa yote mawili.

Ile barua ya leseni iangalie tarehe. Ikiwa ni taarifa ya kwanza, una siku 30. Ndani ya siku hizo kuna njia tatu: ulipe deni lote, ukubaliane na FRO mpango wa kulipa kidogo kidogo, au upate amri ya mahakama ya kuwazuia wasifungie leseni wakati ombi lako la kubadili kiasi linasubiri. Kwa mtu anayekula kwa usukani, njia ya pili na ya tatu ndizo zako. Wapigie leo kuhusu mpango, na kesho uwe kwa wakili wa msaada wa kisheria wa mahakama ya familia. Ukikubali mpango kisha ukauvunja, taarifa inayofuata inakupa siku 15 tu, kwa hiyo usiahidi kwa mdomo mkubwa ili wakuache. Wabongo tuna tabia hiyo. Tunakubali chochote ili kikao kiishe.

Hela za mkononi. Mwombe mama watoto aiandikie FRO athibitishe miezi na kiasi alichopokea. Kama mnaelewana kidogo atafanya. Akikataa, na huna risiti wala muamala, hizo zihesabu kama zawadi. Kuanzia sasa kila senti ipitie ofisini, hata akikuomba kwa machozi umletee taslimu. Mtoto akihitaji viatu mnunulie viatu, lakini usivihesabu kama matunzo.

Na kurudi Bongo. Karibu nyumbani, Tanga hapajahama. Lakini deni la Ontario halipandi ndege na kupotelea njiani. Litaendelea kuandikwa huko, na siku utakayotaka kurudi kuwaona wanao utalikuta limekaa mlangoni limenenepa. Watoto wana baba yao huko leo, mwenye leseni hatarini. Wakibaki na baba wa kwenye simu, aliyekimbia, hilo hakuna hakimu atakayelipunguza.

Nina neno moja kwa wanaobishana nami kwamba tuichukue FRO kama ilivyo tuilete Dodoma. Mfumo ule unafanya kazi kwa sababu karibu kila mtu ana mwajiri anayejulikana, akaunti, namba ya kodi. Ukiileta hapa utawabana walimu, manesi, askari na madereva kama wa Mbagala, na mwenye vibanda vinne Kariakoo atapita katikati akipiga mluzi. Hata hivyo ningewabana hao hao kwanza. Mtoto wa mwalimu naye anakula.

Shikamoo Mama. Nipo Morogoro, mwanangu ana miezi 19. Baba yake alinihudumia wakati wa ujauzito na miezi michache ya mwanzo, alikuwa ananitumia elfu kumi, elfu ishirini ya maziwa. Sasa amehamia mkoa mwingine, anasema mtoto si wake na nisimsumbue. Mama yangu anasema niache, mtoto atamtafuta baba yake akikua. Hatukufunga ndoa. Je, bado nina haki?
*Wa Morogoro*

Marahaba binti. Mheshimu mama yako kwa mengine yote, kwa hili usimsikilize, maana una saa inayotembea. Kwa Tanzania Bara, ombi la matunzo dhidi ya mwanaume anayetajwa kuwa baba linaweza kufunguliwa kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Ikipita hiyo, utatakiwa kuthibitisha kwamba ndani ya ile miezi 24 alitoa fedha kwa ajili ya mtoto, au kwamba alikuwa nje ya nchi. Wewe una miezi 19. Fungua sasa. Na zile elfu kumi za maziwa, ulizoziona ndogo, ndizo zitakazokuokoa hata ukichelewa: tafuta taarifa ya miamala ya miezi hiyo kabla hujabadili laini ya simu. Usifute jumbe zake, hasa ile anayouliza "mtoto anaendeleaje".

Akikana mbele ya hakimu, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba (DNA). Vinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hupokei majibu kwa kwenda mwenyewe dirishani na mtoto. Lazima itoke barua ya mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama au afisa ustawi wa jamii. Uliza mapema gharama zitalipwa na nani, mwombe hakimu aliamue hilo kwenye amri ile ile. Nimeona wanaume wengi wakali sana mpaka siku ya kutolewa sampuli, ndipo wanaomba kuzungumza pembeni. Akiomba kuzungumza, zungumzeni, lakini mkubaliane kwa maandishi na yasajiliwe mahakamani. Afisa ustawi wa Morogoro anaweza hata kufungua ombi hilo kwa niaba ya mtoto, si lazima liwe na jina lako peke yako. Msomaji wa Zanzibar, haya usiyachukue kama yalivyo: huko mna Sheria yenu ya Mtoto ya 2011 na Mahakama za Kadhi.

Mama Ustawi, usinicheke. Mimi ni mwanaume wa Korogwe, miaka 51. Nilipooza upande mmoja baada ya kiharusi, siwezi tena kazi ya useremala. Mke wangu ni mtumishi, ana mshahara mzuri, amehama nyumbani amefungua shauri la talaka. Je, mwanaume anaweza kudai matunzo kwa mke, au nitachekwa mahakamani?
*Fundi, Korogwe*

Sicheki, na hakimu hatacheka. Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka jukumu la matunzo kwa mume, hilo linajulikana. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mahakama imwamuru mke amtunze mume au aliyekuwa mumewe, pale mume anaposhindwa kujipatia riziki kabisa au kwa sehemu kwa sababu ya ulemavu au maradhi, na mke ana uwezo. Imo tangu 1971; wanaume hawaiombi kwa sababu ya aibu, halafu wanaombaomba kwa kaka zao. Kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua shauri, jibu madai yake kwa maandishi na uweke ombi lako humo humo, usisubiri talaka itoke. Ambatanisha taarifa ya daktari inayosema huwezi kazi gani na kwa muda gani, si cheti cha "mgonjwa alihudhuria kliniki". Ukioa tena, matunzo hayo yanakoma. Na mgawanyo wa nyumba na kiwanja ni dai lingine, usiliache likameza hili.